Kurasa za Mwisho Nilizing'oa Mimi

Namakwekwe, Mbale
Jumamosi, saa kumi za jioni

Mulembe, Nambozo mwanangu.

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Nakaloke kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia upesi. Atakufungia njugu, atakufungia ndizi, halafu atakufungia maneno. Kwa hiyo nina saa mbili hivi. Mambo ya safari sitayagusa. Mke wangu amekwisha kukuambia habari ya blanketi, dawa ya tumbo, kitambulisho cha kuonyesha mpakani Malaba, na upande gani wa basi ukae ili jua lisikuchome. Mimi nina jambo moja tu, nalo limeninyima raha tangu Jumatatu iliyopita.

Naogopa, mwanangu. Nimeliandika neno hilo mapema nisije nikalizunguka. Unanijua. Mimi ndiye niliyemkokota mamba kwa mkia pale Jinja karibu na daraja, hadi askari waliolinda bwawa wakaja kunipa mkono. Mimi ndiye niliyesimama kisu cha imbalu, tohara yetu, mbele ya ukoo mzima bila kupepesa jicho, na hilo lina mashahidi, tofauti na mamba. Mamba alikuwa kenge. Tena nilimkuta amekwisha kufa. Naanza kukiri na madogo.

Kubwa lenyewe ni hili. Mwisho wa kile kitabu, ule ulioutia katika sehemu ya nane ya tamthilia yako, ule ambao watu wa televisheni wa Nairobi wameupenda kuliko vyote, haumo ndani ya kitabu. Niliutunga mimi. Na kurasa za mwisho hazikuchanwa na mwanajeshi akasokotea tumbaku. Nilizing'oa mimi, kwa mkono huu huu unaoandika.

Sasa kama umesimama, kaa.

Jumatatu ulipokuwa ukizungumza kwenye simu na yule mama wa Uingereza, binti wa mwandishi, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Kiingereza changu ni cha praimari ya tano, lakini miaka yangu ya maiki ilikiongeza nyama kidogo. Nilisikia. Alisema baba yake aliiandika ile sura ya mwisho mara tatu, na kila aliyetaka kumchapishia alimwomba ailainishe, naye akakataa, akakaa na muswada wake sandukuni miaka, hadi alipopatikana aliyeuchapisha ulivyo. Alisema yeye hana neno juu ya mengine, kateni mnapotaka, ila mwisho ubaki kama mzee alivyouacha. Kisha akakuuliza kama umeugusa. Nawe ukacheka kwa fahari, ukamjibu hujabadilisha kitu, umekua nao mwisho huo tangu ukiwa mtoto. Akafurahi. Akasema basi Jumatatu inayofuata umsomee wewe mwenyewe, wote wakisikiliza, na baada ya hapo atatia sahihi mkataba.

Hapo ndipo nilipomwaga chai kwenye mguu. Ukanigombeza kwamba nazeeka.

Kesho unapanda basi. Keshokutwa utamsomea mama wa watu kitu ambacho baba yake hakukiandika, huku umemwapia kwamba ni chake. Duniani pote hakuna mwingine anayekijua kitabu kile hadi mwisho. Waandishi wenzako walipeleka Nairobi riwaya za kisayansi za zamani ambazo kila aliyesoma shule anazijua. Wewe ulipeleka yetu, isiyo dukani wala kwenye intaneti, yenye jalada lililoliwa na mende, na ndiyo ikachaguliwa. Wanaoijua ni wawili: yeye na mimi. Na mimi ndiye niliyenyamaza.

Ili uelewe nilivyofika huko lazima nikurudishe Jinja.

Unajua nilikuwa vijei, lakini hukuwahi kuniona kazini. Vijei ni mtu anayekaa pembeni ya televisheni ndani ya kibanda cha video, ana maiki, anaipunguza sauti ya filamu ya kizungu na kuitafsiri hapo hapo, watu wakila mihogo. Mimi sikuwa vijei tu. Walikuwa wakija watu kutoka Iganga kunisikiliza. Hata wahusika wenyewe wangenisikia wangetamani kusema kama nilivyowasemea. Waliniita Profesa, mimi niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya.

Nilitafsiri kwa Kiswahili kwa sababu kibanda chetu kilikuwa karibu na kambi. Wateja wangu walikuwa polisi, askari magereza, wake zao na watoto wao, na babu yako akiwa mmoja wao kabla hajastaafu. Wenye mji hawakukipenda hicho Kiswahili. Walisema ni lugha ya mtu anayekuamuru ulale chini. Sisi watoto wa kambi tulikinywa na uji, hatukujua kwamba kinatisha.

Siku moja mwenye kibanda alileta filamu ya watu wa angani ambayo sikupata nafasi ya kuitazama kwanza. Nikajitosa. Nikawaambia watu yule mwenye ndevu ni baba wa shujaa. Wakakubali. Nusu saa baadaye mwenye ndevu akamkumbatia dada wa shujaa, akambusu mdomoni. Watu wakaacha kutafuna mihogo. Mama mmoja akasema kutoka benchi la tatu, "Profesa, huyo si binti yake?"

Nikashika maiki vizuri. "Ndiyo maana sayari yao inaungua, mama."

Walicheka hadi benchi likavunjika. Nami siku ile nikajifunza somo baya nikidhani ni zuri. Tulikuwa na msemo sisi watu wa maiki, kwamba vijei harudi nyuma. Ukishakosea usiseme umekosea. Jenga juu ya kosa, weka paa, watu watalala humo.

Sasa, umeme. Bwawa liko pale pale, usiku unalisikia likinguruma, na sisi tumekaa gizani. Kila wiki ulikatika katikati ya filamu, na mwenye kibanda hakuwa na jenereta. Watu walitaka kuondoka. Kwa hiyo nikawa nawasimulia vya kwangu hadi taa zirudi, na vya kwangu vikaniishia. Hapo ndipo Afande Okiror akanisaidia. Alikuwa karani wa magereza aliyestaafu, mtu wa kabila la Iteso, mrefu, mkavu, jirani wa babu yako. Alikuwa na sanduku la vitabu vya Kiingereza. Akaniambia niwe nakwenda kwake kila asubuhi, anisomee sura moja na kunifafanulia, na umeme ukikatika jioni mimi niwape watu.

Akakitoa kile kitabu. Unakijua kuliko mimi, umeandika kurasa ngapi juu yake, lakini nataka ukione tulivyokiona. Sayari imekauka. Mababu walijenga bomba lililopanda juu kupita mawingu hadi kwenye nyota ya barafu, na maji hushuka humo. Chini kuna koki moja yenye gurudumu kubwa kama la trekta, na anayeitunza ni mwanamke mmoja, kama alivyokuwa mama yake, kama alivyokuwa bibi yake. Siku moja anaweka sikio kwenye bomba anasikia mtu anagonga kutoka juu.

Nambozo, mimi nilikuwa nikifika hapo nagonga maiki juu ya meza mara tatu. Gizani. Wanaume wenye bunduki nyumbani walikuwa wakishikana mikono.

Tulikwenda hivyo karibu wiki tatu. Watu wakaanza kuomba umeme ukatike. Hilo si la mamba, muulize mke wangu, tulikutana humo humo kibandani. Tukafika pale ambapo mwanamke anatambua kwamba huko juu kuna watu, na barafu wanayoikanyaga inaisha kila anapofungua koki. Na huku chini watoto midomo imepasuka. Ameshika gurudumu. Nikaishia hapo.

Watu walinifuata hadi nyumbani. Polisi wawili wakanipeleka kunywa, wanataka kuujua mwisho. Sikuwa nao. Nikawaambia ninao, ila wasubiri kama wengine. Nilikunywa kama mtu mwenye siri. Nilipoamka jua lilikuwa utosini, nikakimbia kwa Afande, nikakuta ameshakwenda Soroti mazikoni, mlango una kufuli na kitabu kimo ndani.

Jioni umeme ukakatika. Kibanda kilijaa hadi nje, wengine walikuwa hawakuja kwa filamu kabisa. Ningeweza kusema, ndugu zangu, leo sina. Maneno manne. Badala yake nikafanya kile unachokijua. Nikamtia mwanamke ndani ya bomba, akapanda siku arobaini akilamba umande, akamkuta huko juu mtoto aliyekuwa akigonga, wakazungumza, wakaelewana koki ifunguliwe siku sita na siku ya saba ipumzike, barafu ijirudishe. Nikamwozesha huko huko. Walisimama, mwanangu. Mama mmoja alivua leso yake akanifunga mabegani.

Afande aliporudi alikwisha kusikia habari sokoni. Aliniita. Nilikwenda na majibu yangu tayari, lakini hakunigombeza. Alivaa miwani akanisomea kurasa za mwisho, polepole, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiswahili, mpaka chini. Mimi nikacheka kidogo. Nikamwambia mwisho ule hauna ladha, watu wangenirushia viti.

Alivua miwani. "Huyu mwandishi hakufanya kazi magereza," akasema, "lakini anajua. Mimi katika ile miaka ya wanajeshi nilikaa upande wa mlango wenye ufunguo. Walikuwa wakigonga. Asubuhi yake wanagonga wachache."

Nikamwuliza, "Na wewe ulifanya nini, afande?"

"Nilimaliza zamu, nikaenda nyumbani, nikala na watoto."

Gereza hakulitaja na mimi sikuuliza. Alinipa kitabu nikichukue, akasema yeye hataki tena kukiweka nyumbani. Hakuniomba nirudi kwa watu niwaambie ukweli. Laiti angeniomba. Kila jioni alikuja kibandani akakaa benchi la nyuma, na kila umeme ulipokatika nilihisi kwamba anangoja. Vijei harudi nyuma. Alikuja hivyo hadi alipougua, na hata mazikoni kwake watu walikuwa wakinisifu mimi kwa ule mwisho.

Hiyo ya kwanza. Ya pili ni yako.

Uliletwa kwangu huku Namakwekwe ukiwa na miaka saba, mama yako ametangulia. Dada yangu alikuwa mtu wa kunicheka kila nikiongopa, hakuna mwingine aliyeniweza. Sikujua nifanye nini na mtoto asiyelia. Nilijua kitu kimoja tu, kusimulia. Nikakusimulia kitabu cha bomba huku ukiosha vyombo, na ukawa unaniuliza swali lile lile kila mara: yule mtoto aliyekuwa akigonga, alipata maji yake? Nakwambia alipata. Unauliza tena kesho. Nakwambia tena. Ningekuambia nini? Hapo, mwanangu, sijuti. Hapo nilikuwa mjomba.

Ila ulikua. Ukafika miaka kumi na miwili, mwalimu akakusifu kwa Kiingereza mbele ya shule, na siku hiyo hiyo ukapanda kigoda ukakishusha kitabu kutoka juu ya kabati. Wiki moja tu ulikuwa umefika katikati. Nilikuwa nakuangalia ukisoma na kila ukifunua ukurasa nahesabu zilizobaki. Nilijiambia mwisho ule ni mzito kwa mtoto aliyefiwa. Huo ulikuwa uongo wa kujifunika. Wewe ulimzika mama yako umesimama wima, ungeubeba mwisho wowote. Nilichokiogopa ni uso wako. Niliogopa siku ambayo ungefunga kitabu ukanitazama kama alivyokuwa akinitazama mama yako.

Ulipokuwa shuleni nikazing'oa. Kama kurasa thelathini hivi. Nikampelekea mama aliyekuwa akiuza njugu za kukaanga pale zinaposimama teksi za Busiu, nikakaa naye mpaka alipoukunja ukurasa wa mwisho kufungia njugu. Nikanunua pakiti moja, nikaifungua, nikasoma neno moja la Kiingereza lililokuwa juu. Sikulielewa.

Jioni ukaniuliza zimekwenda wapi. Nikakupa mwanajeshi. Nilimpa kovu kidevuni, nikampa kikosi, nikampa hata ugonjwa wa kifua uliotokana na kuvuta wino. Ulicheka hadi ukakaa chini. Na hiyo nayo umewaandikia Nairobi, na wamesema wataitumia kuitangazia tamthilia.

Unaona jinsi inavyojengeka? Kosa, kisha ukuta, kisha paa. Sasa umo ndani wewe.

Nimejaribu kukuambia. Walipokupigia mara ya kwanza nilikuja hadi mlangoni kwako, nikakuta unaruka ruka na mke wangu, nikaruka nami. Mara ya pili ulikuwa unapanga zile karatasi ndogo ukutani, kila tukio na karatasi yake, na ya mwisho ulikuwa umeiandikia kwa kalamu nyekundu. Nikasifu mwandiko. Na katikati ya hayo mdomo wangu ulikuwa ukizunguka mtaani. Kinyozi anajua, mchungaji anajua, waendesha boda boda wote wa Namakwekwe wanajua kwamba hadithi ya nyumba ya Profesa inakwenda kwenye televisheni. Kuna mmoja ananibeba bure.

Sasa nikuambie ninachokiona nikifumba macho. Nakuona umekaa mbele ya meza yao, umesuka nywele zile ulizosuka jana. Unasoma. Unasoma vizuri, maana sauti yako ni yangu. Na yule mama kwenye skrini anaacha kutabasamu. Hakukatizi, wazee wa namna ile hawamkatizi mtu. Unamaliza, na anakuuliza kwa upole umeutoa wapi mwisho huu. Nawe unamjibu, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba umo kitabuni. Hapo ndipo naamka. Ataona umemfanyia baba yake mzaha. Wengine wataona msichana wa Mbale amewadanganya wote. Na wewe utakaa pale umeaibika na hujui kwa nini. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Mimi nimeaibika mara nyingi, lakini kila mara nilijua sababu.

Naogopa pia kwamba ukisoma barua hii hutapanda basi. Tafadhali panda. Sehemu saba za kwanza ni zako, nilikuona ukizitafuta. Ile ya mwanamke kuwafundisha majirani kusikiliza bomba kwa bakuli la bati, haimo kitabuni wala sikuitunga mimi, na ni nzuri kuliko vyetu vyote.

Kuhusu kugeuza kitabu kuwa televisheni sina cha kukufundisha, ila nimebadilisha hadithi za watu wengi na najua kidogo mahali panapouma. Kitabu kinaweza kukaa ndani ya kichwa cha mwanamke kurasa ishirini. Picha haina subira hiyo, inataka mkono kwenye gurudumu. Utakata, utaongeza, huna njia. Hata Afande alikata aliponisomea, aliruka mambo ya hesabu za bomba, akaniambia, hapa nimeruka. Alikuwa akisema kila mara. Hapa nimeruka. Mimi nilikaa naye wiki tatu na kitu hicho kimoja sikukichukua.

Simu yako ina chaji, niliichomeka mwenyewe. Mpigie yule mama kabla ya Jumatatu. Mwambie ulidanganywa, na wakikuuliza na nani, mtaje mjomba wako kwa jina, usinifiche kwa heshima. Kama watautaka mwisho wangu baada ya hapo, wautake wakijua ni wa mlevi mmoja wa Jinja aliyeachwa na kitabu upande wa pili wa kufuli. Kama watautaka wa mzee, nakuandikia hapa. Ndicho kitu pekee nilichosomewa ambacho sijamsimulia mtu yeyote, kwa hiyo hakijaongezeka. Nakiandika kama Afande alivyonisomea. Ningeweza kukitia chumvi, kalamu yenyewe inataka. Sitii.

Mwanamke ameshika gurudumu kwa mikono miwili. Kugonga kunaendelea. Anafikiri asifungue. Mtoto wake mdogo anaingia na kikombe kitupu, anakiweka chini, anatoka bila kusema neno. Mwanamke anafungua. Maji yanashuka. Huko juu wanagonga kwa haraka, halafu polepole. Kesho yake anafungua tena, na siku inayofuata. Watoto wananenepa. Siku moja anafungua na hakuna anayegonga. Anafunga, anaweka sikio kwenye bomba, anangoja hadi jua linatua. Kisha anaokota jiwe, anagonga yeye, mara tatu, na anasikiliza.

Nilimwuliza Afande kama alijibiwa. Akasema kitabu kimeishia hapo.

Nilifikiri niitie barua hii ndani ya begi, chini ya blanketi, uisome ukishavuka Malaba. Huo ungekuwa ujanja wangu wa zamani. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujafungua hizo njugu za bibi yako, na nitakaa kwenye kiti cha nje mpaka umalize. Usiponisemesha leo nitaelewa. Kesho alfajiri begi lako nitalibeba mimi hadi kwenye basi, hata tukitembea kimya njia nzima.

Mjomba wako,
Mafabi